Feni Mpya Imefungwa, Gari Bado Linachemsha

Jumamosi moja, saa saba mchana, nilipigiwa simu niende Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Msafara wa harusi umekwama. Nilipofika nilikuta wapiga matarumbeta wamehamia kivulini lakini hawajaacha kupiga, kina mama bado wanacheza, na IST nyeupe ya bibi harusi imesimama katikati ya njia, riboni zimelegea, mvuke unatoka chini ya boneti. Dereva, kijana mwenye shati la kitenge, akanipokea kwa maneno ninayoyasikia karibu kila wiki: "Fundi, feni nimebadilisha juzi tu. Mpya kabisa, ya kwenye boksi."

Nikafungua boneti. Kweli feni inazunguka, tena kwa kasi. Nikaomba kadi ya mwaliko iliyokuwa kwenye dashibodi, nikaipeleka mbele ya gari na kuiegesha kwenye kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele ya rejeta ya injini. Feni ikiwa sawasawa, kadi hunata pale kama imepakwa gundi. Ile iliruka ikaniangukia miguuni. Feni ilikuwa inasukuma upepo kwenda mbele badala ya kuuvuta kuja kwenye injini. Aliyeifunga alikuta soketi ya feni mpya haiingiliani na ya gari, akakata, akasokota nyaya, akazungushia tepu. Nyaya mbili za ile mota zote zilikuwa nyeusi. Akabahatisha, akakosea.

Nikageuza nyaya, tukasubiri injini ipoe, nikaongeza maji. Shangazi wa bibi harusi akaniuliza kama kweli ni hicho tu kilichowaweka wageni ukumbini bila bibi harusi. "Ndiyo, mama," nikamjibu, "nyaya mbili tu."

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Tanga mjini, na wengi wanaoniletea gari linalochemsha wameshanunua feni kabla ya kufika kwangu. Feni kuzunguka ni jambo moja, feni kuvuta upepo upite kwenye rejeta ni jambo jingine, na kati ya hayo mawili ndipo hela za watu zinapopotelea.

Linachemsha likiwa wapi?

Kabla ya kushika spana, jiulize gari linachemsha lini. Ukitoka Tanga kwenda Segera kwa mwendo wa themanini, upepo wa barabarani wenyewe unatosha kupoza rejeta. Feni haina kazi kubwa pale. Ukisimama stendi ya Kange unasubiri abiria huku injini inanguruma, au ukienda mwendo wa miguu nyuma ya matarumbeta, upepo wa barabarani haupo tena. Hapo feni ndiyo kila kitu.

Kwa hiyo gari linalopanda joto likisimama na kushuka likianza kukimbia, shuku feni na vinavyoiwasha. Gari linalochemsha kwenye lami tambarare baada ya Muheza, mwendo mzuri, hakuna foleni, usilinunulie feni. Tatizo liko kwenye maji yaliyopungua, rejeta iliyoziba, themostati (vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto) iliyokwama, pampu ya maji, mfuniko wa rejeta, au gasketi ya silinda hedi iliyopasuka. Mlima kama ule wa Mombo kupanda Lushoto uko katikati: injini inafanya kazi ngumu na mwendo ni mdogo, kwa hiyo feni dhaifu na rejeta iliyoziba nusu zote hujitangaza pale pale. Gari linaweza kuzunguka mjini mwaka mzima bila shida, likaumbuka kwenye kona za Soni.

Dalili nyingine ambayo wengi hawaiunganishi na feni ni AC. Ikiwa inapoza vizuri ukiwa mwendoni, halafu ukisimama inaanza kupuliza hewa ya uvuguvugu, anza na feni kabla hujamwita mtu wa gesi. Kondensa ya AC imekaa mbele ya rejeta, na upepo unaozipoza ni huo huo mmoja.

Magari madogo mengi tunayoendesha hayana hata mshale wa temperecha. Yana taa ya bluu inayowaka injini ikiwa ya baridi na taa nyekundu inayowaka mambo yakishaharibika. Kati ya bluu na nyekundu hujui lolote. Kile kifaa kidogo cha bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani na kusoma joto la injini kwenye simu ni rahisi kuliko gasketi ya hedi. Gari zima la kawaida hukaa kwenye digrii themanini na kitu hadi tisini na kitu. Feni huingia kati ya 93 na 98 kutegemea gari, inafanya kazi dakika moja au mbili, inazima, joto linapanda tena. Ukiona limefika 105 na feni imekaa kimya, zima injini.

Na tafadhali, usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto. Mfuniko wenye namba 0.9 umeyabana maji hadi yanaweza kufika digrii 118 hivi bila kuchemka. Ukiufungua, presha inaondoka na yote yanageuka mvuke kwa mara moja, usoni kwako. Wala usimwagie injini ya moto maji ya baridi kwa nje. Hedi hupasuka hivyo.

Feni haizunguki kabisa

Washa injini, washa AC. Kwenye Toyota nyingi na magari mengine ya Kijapani, AC ikiwaka na kompresa ikashika, feni huanza bila kusubiri injini ipate moto. Kama AC inaiwasha lakini joto la injini haliiwashi, mota ni nzima. Acha kuangalia feni, tafuta kwenye sensa inayopima joto la maji. Kama haiwaki kwa lolote kati ya hayo mawili, nenda kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti. Kwenye Toyota mfuniko wake umeandikwa RDI FAN kwa feni ya rejeta, na CDS FAN kama gari lina feni ya pili ya kondensa. Fyuzi yake ni kubwa, mara nyingi ya ampea 30 au 40. Usiiangalie kwa macho tu. Ipime kwa testa pande zote mbili, maana nimekutana na fyuzi iliyoonekana nzima kumbe imekatika kwenye mguu.

Rilei, ile swichi ndogo inayowashwa kwa umeme, ipime kwa kubadilishana. Rilei ya honi au ya taa kubwa mara nyingi ni ya aina ile ile. Linganisha namba na mpangilio wa miguu, kisha zibadilishane nafasi. Feni ikawaka na honi ikanyamaza, umempata.

Sasa mota. Chomoa soketi yake, chukua nyaya mbili nene zenye fyuzi ya ampea 20 hapo katikati, peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota. Ikizunguka kwa nguvu, ni nzima na shida iko nyuma yake. Isipozunguka, imekufa. Kipimo hiki ni cha mota za kawaida zenye nyaya mbili. Magari yaliyo na kiboksi cha kudhibiti kasi ya feni usiyapime hivi, utaunguza kiboksi, na bei ya hicho kiboksi itakunyima usingizi.

Mota ikiwa nzima, fyuzi na rilei nzima, kinachobaki ni aliyetakiwa kutoa amri. Toyota za zamani kidogo, zile Corolla na Carina, zina swichi ya joto iliyofungwa kwenye njia ya maji. Ukichomoa soketi yake huku swichi ya gari ikiwa imewashwa, feni inatakiwa kuwaka yenyewe. Magari mapya zaidi yanamtegemea kompyuta, naye anategemea sensa ya joto la maji. Mengi kati yake ukiichomoa sensa hiyo injini ikiwa inaunguruma, kompyuta huogopa na kuwasha feni muda wote. Ikiwaka ukichomoa, na haiwaki ukichomeka hata maji yakiwa ya moto, una sababu ya kununua sensa.

Lakini hapo pana mtego, na mimi mwenyewe niliingia. Mzee mmoja wa Chumbageni aliniletea Premio yake, feni haiwaki, injini inachemsha. Nilikuwa bado mbichi kwenye kazi. Sikupima mota, nikamwambia feni imekufa, akanunua, nikafunga. Siku ya tatu akarudi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Feni yako nzuri sana, lakini gari bado lina homa." Kumbe maji yalikuwa yanavuja taratibu kwenye hozi ya chini, yakapungua hadi sensa ikabaki kwenye hewa badala ya maji. Sensa iliyo kwenye hewa haioni joto la kweli. Injini inaungua, sensa inasema baridi, kompyuta inaamini, feni inalala. Mota ya zamani niliyoitupa pembeni niliigusisha betri pale pale mbele yake. Ikazunguka. Nililipa ile feni kutoka mfukoni mwangu, na mzee hadi leo akinikuta njiani ananiuliza kama nina feni ya akiba.

Ndiyo maana kabla ya kuhukumu feni, hakikisha maji yamejaa ndani ya rejeta yenyewe. Chupa ya akiba haitoshi kukuhakikishia, inaweza kuwa imejaa huku rejeta iko tupu. Na kila ukifungua mfumo wa maji, toa hewa: mfuniko wazi, injini ya baridi iwashwe, hita ya ndani iwekwe moto wa mwisho, jaza huku mapovu yanatoka hadi yakome.

Inazunguka ukiigonga

Ukiipiga mota kwa mpini wa bisibisi na ikaanza, kaboni ndani, vile vipande vinavyogusa sehemu inayozunguka kuipa umeme, zimekwisha. Leo itakubali kugongwa, wiki ijayo haitakubali. Kuna mafundi wanaofungua mota na kupachika kaboni za mota nyingine zilizokwanguliwa kwa msasa. Inafanya kazi, na kama umekwama Hale usiku, fanya. Kwa matumizi ya kila siku siipendi, kwa sababu kaboni zikifika mwisho, kwa kawaida bushi zinazoishikilia shafti nazo zimelegea na shafti inacheza.

Hapa pwani kuna adui mwingine, hewa ya chumvi. Gari linalolala Raskazone au Pangani mota yake huanza kutu kwenye shafti na kwenye meno ya soketi. Zungusha mapanga kwa mkono, soketi ikiwa imechomolewa. Yanatakiwa kwenda kwa ulaini na kusimama taratibu. Yakikwaruza au kusimama ghafla, mota inakula umeme mwingi kupita kiasi hata kama bado inazunguka, na hiyo ndiyo inayoyeyusha soketi.

Umeamua kununua

Dukani utaonyeshwa vitu vitatu. Kuna mota mpya pekee isiyo ya kiwanda cha gari, kuna feni nzima mpya ya namna hiyo hiyo pamoja na kava lake linaloelekeza upepo upite kwenye rejeta nzima, na kuna feni iliyotumika kutoka Japani, imekatwa na kava na soketi yake. Maoni yangu ni haya: feni iliyotumika ya gari lile lile na injini ile ile, ikiwa kamili, inashinda mota mpya isiyo na jina. Mtaniita mtu wa mitumba, sawa. Kava lake linakaa, soketi inaingia, upande wa kuzunguka ni ule ule. Ukipata feni nzima mpya iliyotengenezwa mahususi kwa gari lako, na ikalingana na ya zamani ukiziweka bega kwa bega, hiyo nayo nzuri.

Nenda na ya zamani dukani, usiende na jina la gari tu. Pima upana wa mapanga, hesabu tundu za nati, angalia unene wa shafti na namna ilivyokatwa. Angalia kina cha mota: ikizidi ya zamani kwa sentimita mbili tu, inaweza kugusa mkanda au ekzosi. Angalia mapanga yamelala upande gani, kwa sababu mapanga ya kulia yakifungwa kwenye mota ya kushoto yatasukuma upepo kwenda mbele badala ya kuuvuta. Soma wati kama zimeandikwa. Mota ya wati 120 inakula kama ampea 10. Ukifunga ya wati 80 mahali pake, itazunguka vizuri dukani na kukusaliti Kange.

Halafu iwashe kwa betri kabla ya kulipa. Muuzaji mwenye mali nzuri hatakukatalia. Sikiliza kama inalia, tazama kama mapanga yanayumba, iache dakika mbili tatu kisha gusa mota. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuacha mkono, mrudishie.

Imefungwa, sasa inaleta yake

Kadi inaanguka, kama ile ya harusi: nyaya zimegeuzwa, au mapanga hayalingani na mota. Kwenye mota ya kawaida, badilisha nyaya mbili nafasi zake kisha rudia kipimo. Kama umebadilisha na kadi inanata kwa unyonge, mapanga ndiyo yenye kosa.

Kadi inanata katikati ya rejeta tu, pembeni inaanguka. Hapo kava halipo. Nimeona feni zinazouzwa kuwa zinaingia gari lolote, zile za kubana kwa vile vijiti vya plastiki vinavyopita katikati ya rejeta, zimefungwa peke yake bila kava. Feni ya namna hiyo inavuta kile kiduara kilicho mbele yake tu, sehemu nyingine ya rejeta inabaki bila upepo. Na vile vijiti, gari likitikisika miezi kadhaa, vinasaga mirija ya rejeta. Unaponunua rejeta mpya, ile feni ya bei rahisi inakuwa imekugharimu mara tatu.

Fyuzi inaungua. Usiweke kubwa zaidi. Fyuzi ya 30 ikiungua, ukaweka ya 60 au ukafunga waya, sasa waya wenyewe umekuwa fyuzi, na utaungua ndani ya fungu la nyaya usipopaona. Tafuta chanzo: mota inazunguka kwa shida, au mapanga yanagusa kava, au waya umechunika na kugusa bodi.

Soketi inapata moto, inanuka, inageuka kahawia. Hapa nina la kusema kwa urefu, kwa sababu ndiko feni nyingi mpya zinakofia. Nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu hupitisha umeme wa redio bila malalamiko. Ampea kumi za feni ni habari nyingine. Maungio yanapata moto, shaba inaingiwa na chumvi, inakuwa kijani, upinzani unaongezeka, moto unaongezeka. Pima hivi: injini inawaka, feni inazunguka, weka mita kwenye nyaya mbili za mota pale soketi inapoingia. Betri ikiwa na volti 13.8, mota nayo ipate karibu hiyo hiyo. Ikipata 11, volti karibu tatu zinapotelea njiani. Weka mita kutoka ncha hasi ya betri hadi waya hasi wa mota. Ukisoma zaidi ya nusu volti, ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi, ni mbovu. Kwangua kutu kwenye bolti ya ethi mpaka uone chuma kinang'aa, paka grisi, funga. Kwenye maungio lehemu kwa risasi, vika mpira unaosinyaa kwa moto, na kama soketi ya gari imeshayeyuka, weka soketi mpya. Usiyavike tepu meno yaliyoungua.

Inatikisika, usukani unahisi mtetemo ukiwa umesimama: panga moja limevunjika au halikukaa sawa kwenye shafti. Usisubiri, bushi zitaondoka nalo. Kwenye baadhi ya mota nati ya mapanga inafunguka kinyume, kwa hiyo kabla hujaikaza kwa hasira hakikisha unajua inakwenda upande gani.

Feni haizimi kabisa, hata asubuhi injini ikiwa ya baridi. Rilei imegandana, au soketi ya sensa haikurudishwa. Angalia pia kama ni fundi aliyekutangulia aliyeiunga moja kwa moja. Hao ni wengi. Sensa ikisumbua wanatoboa dashibodi, wanaweka swichi ya mkono, "utakuwa unawasha mwenyewe, bosi." Ukisahau kuiwasha, unachemsha, ukisahau kuizima, kesho unasukumwa. Na swichi ile, ikiwa haina rilei, inayeyuka mkononi. Kama ni lazima kwa dharura ya kufika nyumbani, iunge kwa rilei na fyuzi yake, kisha urudi kurekebisha sensa.

Ndugu yake kosa hilo ni kung'oa themostati ili "gari lipoe." Injini inayofanya kazi baridi muda wote inakunywa mafuta zaidi na kuchakaa mapema, na ugonjwa wa feni unabaki pale pale, umefichwa tu hadi siku ya foleni.

Kwa wenye Hilux, Hiace na Land Cruiser ambazo feni inaendeshwa na mkanda, haya ya nyaya hayawahusu. Angalieni ile klachi ya feni katikati ya mapanga. Ikiwa imetapakaa mafuta mazito yenye vumbi, au injini ikiwa ya moto na imezimwa unaweza kuyazungusha mapanga kwa kidole kimoja bila ukinzani, imekwisha.

Na kabla ya kuingiza mkono karibu na mapanga kwa kipimo chochote kati ya hivi, toa ufunguo na uchomoe soketi ya feni. Kuna magari ambayo feni inaweza kuwaka yenyewe injini ikiwa imezimwa, kwa sababu maji bado ni ya moto. Kovu nililonalo kwenye kidole cha shahada ni la Carina iliyokuwa imezimwa dakika tano.